Wakuu, RAM (memori ya kompyuta) ya spidi 3600 inalipa au naenda kutupa hela?

Mwanga_Studio: Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma mjini, Mwanga, nina kastudio kadogo ka video za harusi na sendofu. Mashine inanitesa. Nikianza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika baada ya kuhariri, inaganda, naweza kushuka Kibirizi nikanunua mgebuka, nikarudi, nikaukaanga, nikala, na asilimia bado iko palepale. Nimeona RAM za DDR4 spidi 3600, vijiti viwili vya GB 16, zina taa, jamaa wa Kariakoo anataka 520,000 na hapunguzi. Za kawaida za 2666 zinapungua kwa laki na ushee. Hiyo spidi inaonekana kwenye kazi kweli au ni maneno ya wauzaji? Nina harusi mbili mwezi huu, usingizi sina.

Fundi wa Gungu: Mashine gani? Taja prosesa, bodi, na RAM iliyomo sasa. Bila hivyo tutakuwa tunapiga ramli.

Mwanga_Studio: Ni ya mezani, Intel, siyo ya zamani. Mimi swali langu ni spidi tu mkuu.

Mtumbwi Mzito: Chukua ya spidi, mdogo wangu. Kitu cha haraka ni cha haraka tu. Mwaka fulani nilifunga injini ya HP 40 kwenye mtumbwi wa marehemu baba uliozoea ya 15. Siku ya kwanza Kibirizi nzima walisimama kuangalia. Siku ya tatu ubao wa nyuma ukaanza kuachia tukiwa mbali na nchi, giza totoro, wenzangu wawili wanachota maji kwa ndoo za dagaa. Tulirudi kwa kasia. Ila siku ile ya kwanza, acha kabisa.

Fundi wa Gungu: Kwa hiyo anunue au asinunue?

Mtumbwi Mzito: Mimi nimesimulia tu.

Mama Shani: Laki tano na ishirini kwa vijiti viwili? Vijana mna hela. Hapo umeshapata mabati ya chumba kimoja. Mama mtoto anajua?

Dagaa Mkavu: RAM yenye taa usiifungie kwenye boksi. Subiri mwezi uingie gizani, itundike kwenye mtumbwi, dagaa watakuja wenyewe, hela itarudi usiku mmoja 😂

Asiye na Haraka (Tabora): Mimi natumia Ryzen 5 5600G, haina kadi ya picha. Nilipotoka 2400 kwenda 3200 tofauti niliiona, maana hapo picha zinakula kwenye RAM hiyohiyo. Kwa hiyo spidi siyo uongo, inategemea nani anaitumia. Huku kwetu mvua imenyesha wiki nzima, embe zimeanza kuoza chini.

Fundi wa Gungu: Nitajibu kwa ujumla, kwa kuwa mwenye mashine anaificha kama mahari. Namba 3600 peke yake haisemi yote, kuna CL, idadi ya mapigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawa kwa spidi. RAM ya 3200 yenye CL16 inachelewa nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18, nanosekunde 10 vilevile. Ya 3600 inapitisha data nyingi zaidi kwa sekunde, sawa, lakini kwenye kurenda harusi huwezi kuishika kwa macho. Halafu 3600 haiji yenyewe. Lazima uwashe XMP (mpangilio wa kuipandisha RAM spidi yake) kwenye BIOS (menyu ya bodi kabla Windows haijawaka), na bodi ikubali. Ndiyo maana nimeuliza bodi.

Mwanga_Studio: Haya. i5-10400, bodi ya H410, RAM GB 8 kijiti kimoja.

Fundi wa Gungu: Na diski?

Mwanga_Studio: Hadidiski ya 1TB. Lakini inafanya kazi vizuri tu.

Fundi wa Gungu: Mungu wangu. H410 na i5-10400 mwisho wake ni 2666. Ukiweka 3600 itashushwa, na XMP haitakusaidia. Ugonjwa wako siyo spidi. GB 8 zinajaa, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye hadidiski, na hadidiski ni punda. Fungua Task Manager wakati wa kurenda, naapa Disk inasoma 100%. Chukua vijiti viwili vya kawaida vya GB 8, viwili siyo kimoja, na chenji nunua SSD, diski ya kasi. Usitume hata shilingi Kariakoo.

Mwanga_Studio: Nimeshatanguliza laki mbili.

Mama Shani: Nilijua!

Mwanga_Studio: Msinielewe vibaya. Baadaye nitabadili bodi, RAM itabaki. Na jamaa kasema wiki ijayo bei inapanda.

Fundi wa Gungu: Kwenye bei hajakudanganya. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda dunia nzima. Samsung, SK Hynix na Micron wanakimbilia vituo vya data vya akili mnemba, sisi wa harusi tunagombania makombo. Lakini ukibadili bodi ukachukua ya DDR5, kizazi kipya cha RAM, hizo DDR4 hazitaingia hata kwa nyundo. Laki mbili zenyewe ni zako?

Mwanga_Studio: Ni kianzio cha bibi harusi wa tarehe 20.

Dagaa Mkavu: Jamani taa zimezimika ghafla humu.

Mzee wa Chai: Samahani wakuu, hamjaona kitu? Huyu huyu mwezi jana alikuwa Tabora anauza asali ya ndoo, uzi upo. Leo ana studio Mwanga na bibi harusi. Hii ni chai, na ni ya rangi. Mimi naona ndiye muuzaji wa hizo RAM, anapima soko.

Mama Shani: Kumbe! Na mimi nimeshamhurumia.

Asiye na Haraka (Tabora): Ile asali nilinunua. Ilikuwa nzuri. Siyo kwamba namtetea.

Mwanga_Studio: Asali ni ya kaka yangu, akaunti tulikuwa tunatumia wote, simu yake iliharibika. Muuzaji gani anajisema bodi yake ni H410? Nimefungua mfuniko sasa hivi: feni ina vumbi limeshikana kama blanketi, kijiti kiko kimoja, sloti ya pili ina yai la mjusi. Hivyo mtu anaweza kutunga?

Mzee wa Chai: La mjusi, ndiyo. Sukari imezidi.

Fundi wa Gungu: Yai litoe taratibu, usikwaruze sloti. Na mpigie jamaa akubadilishie mzigo kabla hajaupakia.

*(Siku tano baadaye)*

Mwanga_Studio: Hakukubali, nikamalizia hela. Mzigo nimeupokea stendi asubuhi. Zimewaka, taa zambarau na kijani, mke wangu kazipenda. Kurenda kumepungua, sikatai, ila mashine ikiwaka bado inajikongoja. Sasa nimefungua CPU-Z, ile programu ya kusoma spidi, inaniandikia 1330. Nimelipia 3600! Nimeibiwa?

Fundi wa Gungu: CPU-Z inaonyesha nusu ya spidi. Zidisha mara mbili.

Mwanga_Studio: 2660.

Fundi wa Gungu: Haya. Na SSD?

Mwanga_Studio: Baada ya harusi ya pili.