Kuhudhuria mazungumzo na waandishi hapa Kampala: mgeni ajiandae vipi?

Kutoka: Mwanafunzi, Kikoni

Ndugu wanajumuiya,

Shikamooni wakubwa zangu. Nimekuja Makerere kutoka Morogoro kwa masomo ya uzamili, na tangu nifike nasikia habari za jioni ambazo waandishi hukaa na wasomaji wao wakajadili vitabu na hali ya jamii. Nyumbani nilizoea uzinduzi wa vitabu wenye hotuba nyingi na mgeni rasmi, lakini naambiwa kwamba hapa mambo ni tofauti. Ningependa sana kuhudhuria, ila naona haya, kwa kuwa Kiganda sikijui na waandishi wa Uganda niliowasoma ni wachache mno. Naomba mnielekeze niende wapi na nijiandae vipi, na kama itakuwa adabu kumwuliza mwandishi kuhusu Kiswahili, maana kila nikikitumia mtaani watu hunijibu kwa Kiingereza.

Kutoka: Mama wa Ntinda

Marahaba, mwanangu, na karibu Kampala. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jambo hili naliona lina uzito kuliko mengi tunayoulizana humu kuhusu vibali na kodi za nyumba. Mtu anaweza kuishi katika nchi ya watu miaka mingi, akajua bei ya matoke na njia zote za kukwepa foleni, na bado asijue wenyeji wanalilia nini na wanajivunia nini. Mimi, sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu Uganda niliyapata kwa kuwasikiliza waandishi wake wakibanwa kwa maswali na wasomaji wa nchi yao wenyewe.

Anza na FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoasisiwa mwaka 1995 kwa juhudi za Mary Karooro Okurut, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi hapo hapo Makerere. Wako Kamwokya, Barabara ya Kira, na kwa miaka mingi wamekuwa na kikao cha wasomaji na waandishi kila Jumatatu jioni, ambacho wanaume pia hukaribishwa. Kutoka Kikoni, toka hadi Wandegeya, kisha chukua bodaboda upitie mzunguko wa Mulago; ila uondoke mapema, na upige simu kwanza kuhakikisha kwamba kikao cha wiki hiyo kipo. Usitarajie meza kuu. Utakuta watu wachache kwenye viti, makaratasi yamegawiwa, na mtu ambaye hajachapisha hata ukurasa mmoja anachambuliwa kazi yake mstari kwa mstari, huku mwenye vitabu madukani amekaa pembeni akingoja zamu yake ya kusema. Katika chama hicho ndimo alimopitia Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007.

Kuhusu kujiandaa, hakuna njia nyingine ila kusoma. Tafuta Kintu, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi iliyotoka Nairobi mwaka 2014, baada ya mswada wake kushinda shindano la miswada la Kwani, wachapishaji wa Kenya, mwaka uliotangulia. Inaanzia Bwaise, si mbali na unapoishi, mwaka 2004, ambapo kijana aitwaye Kamu anatolewa nyumbani kwake asubuhi na kuishia kuuawa na umati unaomwita mwizi. Kisha tunarudishwa hadi 1750, kwa Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu, aliye safarini na watu wake kwenda kumtambua kabaka mpya, yaani mfalme wa Buganda. Njiani anampiga kofi mwanawe wa kulea, ambaye baba yake mzazi ni mtu aliyetoka Rwanda, na kijana huyo anakufa. Laana ya ukoo inaanzia hapo, na wajukuu wa karne mbili na nusu baadaye bado wanailipia.

Sasa pima maswali mawili. Ukimwuliza mwandishi wa kitabu kama hicho alipata wapi wazo la kuandika, atakupa jibu alilokwisha kulitoa kwa watu wengi kabla yako. Ukimwuliza kama laana ililetwa na kofi lenyewe au na ule ukimya wa Kintu, ambaye hakumwambia baba mzazi kwamba mwanawe amekufa, utaona watu wanageuka kwenye viti. Hapo Mganda mmoja ataanza kueleza namna msiba unavyopaswa kutangazwa kwao, mwingine atauliza kuhusu Wanyarwanda waliozaliwa Buganda na bado wanahesabiwa kuwa wageni, na wewe uliyekuja kuuliza kuhusu hadithi utajikuta unasikia habari za nchi nzima. Nimeona jambo hili likitokea, na ndiyo maana nakuhimiza usiende mikono mitupu. Aidha, usimwombe mwandishi akusaidie kuchapisha mswada wako mbele ya ukumbi mzima. Kwa hilo subiri watu watawanyike.

Swali lako la Kiswahili si kosa, lakini lina historia chungu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akapinga waziwazi, kwa sababu Buganda iliona lugha yake na hadhi yake vinasukumwa kando. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, watu wengi walikuwa wamekwisha kukifahamu kama lugha ya askari. Mzee wa hapa anayenyamaza unapomsalimu kwa Kiswahili huenda anakumbuka kizuizi cha barabarani, usiku, na sauti iliyomwamuru ashuke garini. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kumbukumbu za watu haziondolewi na waraka wa serikali. Kwa hiyo usiulize kwa nini hawasemi Kiswahili, maana litasikika kama shutuma. Mwulize mwandishi askari katika kitabu chake wanazungumza lugha gani, na kwa nini aliwapa hiyo. Atakwambia mengi kuliko ulivyotarajia.

Na sisi tunaoipenda lugha hii tukumbuke kwamba hapo Makerere, Juni 1962, ulifanyika mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Achebe alikuwapo, Soyinka alikuwapo, Langston Hughes alitoka Marekani, na Ngugi alihudhuria akiwa bado mwanafunzi. Shaaban Robert hakuwa na kiti, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili, na mwezi huo huo akafariki. Mwaka uliofuata Obi Wali wa Nigeria aliushambulia msimamo wa mkutano ule katika jarida la Transition, ambalo Rajat Neogy alilianzisha hapa Kampala mwaka 1961. Mjadala huo haujaisha, na Mganda anayeandika kwa Kiacholi au Kiganda anauhisi kama tunavyouhisi sisi. Hapo ndipo tunapokutana nao kama ndugu.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija alikamatwa mwaka 2020 baada ya kutoa riwaya ya kejeli iliyosomwa na wengi kama picha ya watawala, na baadaye akaihama nchi. Mazungumzo yakigusa siasa, sikiliza, jifunze, lakini usirekodi bila idhini wala usirushe mtandaoni picha na maneno ya msomaji aliyesimama kusema ya moyoni. Wewe una kibali cha mwanafunzi; yeye ana familia hapa.

Kutoka: Mkazi wa Bukoto

Nashukuru kwa maelezo ya Mama, na ninakubaliana naye karibu katika yote. Kwa suala la Kiswahili, hata hivyo, naomba kutofautiana naye kidogo kwa heshima. Tukiingia kila mara kwa kunyata, tutawasahau Waganda ambao wenyewe wamekipigania. Austin Bukenya, mwandishi na mwanazuoni wa hapa aliyesoma Dar es Salaam, amekitetea Kiswahili kwa miongo mingi bila kukidharau Kiganda chake. Vijana waliosoma shule za karibuni hawana kumbukumbu za vizuizi, na baadhi yao hunitafuta baada ya kikao wakitaka kujaribu sentensi zao kwangu. Mimi ningemshauri dada yetu aulize swali lake kwa Kiingereza, kisha alirudie kwa Kiswahili kwa wanaokifuata.

Kuhusu vitabu, Aristoc wana duka Kampala Road na jingine Acacia Mall, na huko utawapata waandishi wa Uganda bila taabu. Riwaya za Kiswahili ndizo adimu. Sisi wa Kenya huagiza Nairobi, zikaja kwa basi kupitia Busia au Malaba. Ninyi wa Tanzania mna njia ya mpaka wa Mutukula. Mwombe mtumaji aandike juu ya kifurushi kwamba ni vitabu, aweke stakabadhi ya dukani ndani yake, na avizungushie plastiki kabla ya karatasi, kwa sababu mvua za huku hazina msimu wa kuaminika. Tafadhali usikimbilie kutoa nakala ya kitabu kizima Wandegeya kwa kuwa ni rahisi. Mwandishi utakayemwomba sahihi ataziona kurasa hizo, na mauzo ya kitabu ndicho chakula chake.

Nina pendekezo pia. Abdulrazak Gurnah alipata Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tunaweza kuomba jioni moja ambapo wenyeji wasome ile ya Kiingereza na sisi tusome ya Kiswahili, tukajadili kifungu kile kile: Yusuf anavyochukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Vilevile upo Wimbo wa Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, ambalo Paul Sozigwa wa Tanzania alilitafsiri, na likatoka mwaka 1975. Mwacholi mmoja akisoma beti zake kwa Kiacholi, nasi tukafuata kwa Kiswahili, hakuna atakayedhani kwamba tumekuja kuhubiri lugha yetu.

Kutoka: Mwanafunzi, Kikoni

Nawashukuru sana, Mama na kaka yangu wa Bukoto. Kintu nimeipata kwa mwenzangu wa bweni, na nimefika pale ambapo msafara unaingia katika nyika ya o Lwera. Bwaise napita kila siku na sikuwahi kujua kwamba imo kitabuni. Mwenzangu huyo ni wa Gulu, huko kwa Waacholi, na nilipomtajia Lawino alinisomea kwa kichwa mistari ambayo bibi yake humwimbia, kwa hiyo msomaji wa Kiacholi tunaye tayari. Kilichobaki ni nakala ya Sozigwa. Mwenye nayo nyumbani, hata iliyochakaa, naomba aniandikie. Nitaifuata popote Kampala na kuirudisha baada ya kikao.

Kutoka: Mama wa Ntinda

Ninayo, haina jalada. Ipitie nyumbani Jumamosi baada ya saa nane, na uje na huyo mwenzako wa Gulu.