Bunge likikosa mwenye wingi: mwananchi anapata au anapatikana?

Mpwapwa Mjini
Mbukwenyi wakuu. Naomba tujadili hili bila kurushiana mawe. Mei 2024 Afrika Kusini walipiga kura, ANC, chama tawala, ikaambulia viti 159 kati ya 400. Tangu 1994 haikuwahi kukosa wingi. Ikabidi iungane na DA, chama kikuu cha upinzani, na vyama vingine vidogo, wakaiita Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Ramaphosa akarudishwa Urais kwa kura za wabunge wa vyama alivyokuwa akivishambulia majukwaani. Aprili 2025 wakashikana mashati kwa sababu ya kupandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mpaka serikali ikarudi nyuma. Bunge la namna hii ni neema kwa mwananchi wa kawaida au ni neema kwa wanasiasa? Na likitokea hapa Dodoma, tuko tayari? Mimi naona ni neema. Serikali inayojua kwamba inaweza kushindwa kura lazima itege sikio.

Dereva wa Ihumwa
Neema kabisa. Waziri wao wa Fedha alitaka kupandisha VAT kwa asilimia mbili nzima, wenzake serikalini wakagoma, hotuba ya bajeti ikaahirishwa siku ileile ya kusomwa. Watu wameshavaa suti wanasubiri, wanaambiwa rudini. Akashusha hadi nusu, bado wakamkatalia. Leo wamebaki kwenye 15. Sisi hapa tuko kwenye 18 na kila Juni ni ndiyooo, imepita.

Mwalimu wa Kisasa
Dereva, umeruka kipande. Ile nusu asilimia ilipita bungeni hatua ya kwanza, tarehe 2 Aprili, kura 194 kwa 182. Na waliopinga ni pamoja na DA, ambao wana mawaziri ndani ya serikali hiyohiyo. Wakaenda mpaka mahakamani. Waziri akaja kuiondoa tarehe 24, wiki moja tu kabla haijaanza kutozwa. Huko si kusikilizana, ni kuburuzana. Mfanyabiashara wa kule amekaa miezi miwili hajui mwezi ujao atauza sabuni kwa bei gani.

Mtoto wa Kongwa
Mimi linaloniuma ni jingine kabisa. ANC kukaa meza moja na DA! Kongwa tumewahifadhi watu hawa tangu miaka ya sitini. FRELIMO walikuwepo, SWAPO, MPLA, ZAPU, na ANC wenyewe, Chris Hani akiwa mmoja wao. Makaburi ya wapigania uhuru yako pale hadi leo, nendeni mkaone. Halafu wakifika kugawana madaraka wanamwita yule waliyekuwa wanamkimbia. Wangechukua chama cha EFF cha Malema, yakaisha.

Mwalimu wa Kisasa
Hesabu haikubali. EFF walikuwa na viti 39. Weka 159 na 39 unapata 198, na wingi unaanzia 201. Pungufu ya watatu. Na MK, chama kipya cha Zuma, yenye 58, ilitaka kwanza Ramaphosa aondoke. Siku ya kumchagua Rais haikuingia hata ukumbini.

Mtani wa Kilolo
Mtoto wa Kongwa punguza. Mliwapa nini zaidi ya vumbi? Waingereza walikuja na matrekta yao kulima karanga hapo Kongwa wakashindwa wakaondoka. Hao wapiganaji walikula chakula cha kuletewa, kama nyie wenyewe mlivyozoea kuletewa. Mgogo na bakuli lake tunamjua tangu Dar.

Mwana wa Bahi
Hapo umenigusa na sitapita kimya.

Unajua njaa ya Mtunya? Waulize wazee wa Ugogo, au waulize wa kwenu huko Kilolo, maana na wao wamesikia. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Mjerumani alichukua nafaka na ng'ombe kulisha jeshi lake. Mwingereza alipoingia akachukua zilizobaki, akachukua na wanaume kwenda kubeba mizigo. Mvua zikakata. Watu walikufa kwa maelfu, wengine wakawaacha watoto wao kwa majirani ili wapate kuishi. Njaa ile ililetwa na majeshi mawili ya watu waliokula kwetu. Sasa mjukuu wa waliopokonywa unamwita mwenye bakuli?

Na ardhi unayoiita vumbi inatoa zabibu mara mbili kwa mwaka. Inatoa uwele, mtama, alizeti. Ninyi mnaokuja kwenye vikao vya Bunge mnakula mlenda wetu na kuomba wa kukausha mfungiwe mpeleke nyumbani. Mimi nimeona, mama yangu ndiye anayefunga.

Mtani wa Kilolo
Haya mkuu, ni utani. Wahehe na Wagogo ni watani tangu zamani, baba yako angecheka.

Mwana wa Bahi
Baba yangu angecheka kama ungemtania msibani kwake, na jembe la kuchimbia umeshika. Utani una kazi yake. Huwezi kukaa umejificha nyuma ya jina la bandia ukatukana kabila la watu kisha ukasema mtani.

Mama Zabibu
Mwana wa Bahi ahsante mwanangu, umesema na langu. Sasa mniruhusu nirudi kwenye hao DA, maana nimewaona mnazungumzia VAT tu. Waziri wa Kilimo wa Afrika Kusini mwaka 2025 alikuwa Steenhuisen, kiongozi wa DA wakati huo. Kiti hicho alikipata kwa sababu ya Bunge kukosa mwenye wingi. Na Aprili 2025 tulishuhudia nini? Ndizi zetu zilikuwa hazipokelewi kwao, Bashe, Waziri wetu wa Kilimo wakati huo, akafunga mpaka kwa mazao yao na ya Malawi, siku chache baadaye wakazungumza akafungua. Wakati umefungwa mimi nilifurahi sana, nasema wazi. Sisi wakulima wa zabibu tunabaki na mchuzi kwenye mapipa, mnunuzi anatuambia wa nje ni nafuu. Msimu uliopita kuna mtu alikuja shambani kwangu Hombolo, akaonja, akasifu, akapima sukari kwa kile kipimo chao cha mkononi, akasema atarudi na gari. Zabibu zilikauka kwenye mti nikimsubiri. Kwa hiyo kama serikali ya mseto inampa mkulima wa kule waziri anayempigania kufa na kupona, nami naitaka hapa.

Dereva wa Ihumwa
Mama, yule aliyekuacha na zabibu shambani hakuwa wa DA, alikuwa Mtanzania mwenzako.

Mama Zabibu
Ndiyo, na ndiyo maana nataka waziri anayeogopa kushindwa kura. Hujanisoma.

Mtoto wa Kongwa
Bado hamjanijibu. Mdogo wangu alikuwa Johannesburg 2008 wakati wa zile vurugu za kuwafukuza wageni. Alirudi na begi moja na jeraha la kichwani. Mtu aliyehifadhiwa Kongwa na Mazimbu hawezi kumfanyia hivyo mwenyeji wake. Morogoro tumewapa eneo wakajenga shule nzima ya Solomon Mahlangu, watoto wao wamesomea pale.

Kijana wa UDOM
Pole sana kwa mdogo wako, kaka. Lakini waliompiga mdogo wako hawakuwa DA, na mwaka 2008 ANC walikuwa na wingi wa kupindukia bungeni. Wingi wao haukumlinda.

Mtoto wa Kongwa
Sijasema ulimlinda. Nasema shukrani.

Jirani wa Namanga
Ninyi mnasumbuka na Afrika Kusini, sisi Kenya tumeila hiyo nusu mkate, serikali ya kugawana, tukaijua ladha yake. 2008, baada ya watu kuuawa, Kibaki Rais, Raila Waziri Mkuu, baraza la mawaziri 40 na manaibu juu yao. Wizara kadhaa zililazimika kukatwa mara mbili ili kila upande ushibe. Mwananchi alipata amani, nakubali, na Katiba mpya ya 2010 ilitokana na kipindi kile. Lakini bili alilipa yeye.

Mtani wa Kilolo
Na msisahau nani aliwapatanisha. Kikwete huyohuyo wa kwetu.

Mwalimu wa Kisasa
Msuluhishi mkuu alikuwa Kofi Annan, pamoja na Mzee Mkapa na Mama Graça Machel. Kikwete alikuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akaenda Nairobi mwishoni pale walipokwama, mkataba ukasainiwa tarehe 28 Februari. Mkapa na Kikwete wote ni wetu, sina haja ya kumnyima yeyote.

Jirani, baraza kubwa halikuwa la Kenya peke yake. Ramaphosa naye mwaka 2024 alifikisha mawaziri 32 na manaibu 43. Hilo ndilo jibu langu kwa Mpwapwa: Bunge likigawanyika, wa kwanza kushiba ni wanasiasa.

Tukirudi hapa. Watu wanadhani likitokea kwetu Rais ataanguka. Hapana. Rais wetu anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, yule wa kule anachaguliwa na wabunge. Kwetu mzigo unamwangukia Waziri Mkuu. Katiba ibara ya 51 inasema atoke kwenye chama chenye wabunge wengi zaidi, na kama hakuna chama cha namna hiyo, awe mbunge wa jimbo anayeelekea kuungwa mkono na walio wengi. Rais ana siku 14 za kumteua, na hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe. Waliotunga waliliona hili zamani.

Kijana wa UDOM
Mwalimu shikamoo. Umetaja ibara inayopendeza ukaacha zinazouma. Ibara ya 90: Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Ibara ya 71: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza ubunge. Ibara ya 66: Rais anateua wabunge mpaka 10. Ziweke pamoja. Vyama vikitofautiana kwa viti vinane, hao kumi wa kuteuliwa ndio wanaoamua nani mwenye wingi. Mbunge anayetaka kupiga kura ya dhamiri anaweza kufukuzwa chama, jimbo likabaki wazi. Na wakijipa moyo wote wakagomea bajeti kama DA, kengele ya uchaguzi mpya inalia. Huwezi kuchukua Bunge la Cape Town ukalipandikiza kwenye Katiba hii ukategemea matunda yaleyale. Neema aliyoisema Mpwapwa iko kwenye kanuni za mchezo, idadi ya viti peke yake haitoshi.

Mwalimu wa Kisasa
Marahaba. Hiyo ya kumi naikubali, ni hoja nzito. Tungeanzia hapo.

Mama Zabibu
Subirini. Bunge linavunjwa wakati wa bajeti? Mnajua nina vyumba sita Area D? Aprili hadi Juni ndiyo miezi inayonilipia ada za watoto. Madereva wa wabunge, wasaidizi, watu wa wizara wanaokuja kujibu maswali, wote wanalala huko kwetu. Wauza samaki wa Majengo, bodaboda, akina mama wa chapati, wote macho yetu yako kwenye ratiba ya Spika. Mnaongea kuvunja Bunge kama mnavunja yai.

Dereva wa Ihumwa
Mama, juzi ulitaka waziri anayeogopa kura. Sasa unataka Bunge lisiguswe. Chagua.

Mama Zabibu
Juzi ipi, ni nusu saa iliyopita! Na siyo lazima nichague. Nataka Bunge linalokataa kodi mbaya na bado linakaa mpaka tarehe 30 Juni.

Mkaazi wa Pemba
Mnazunguka Johannesburg na Nairobi, jirani yenu wa Unguja na Pemba hamumtaji. Tulipiga kura ya maoni Julai 2010, theluthi mbili tukasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Haikuwa hisani ya mtu. Maalim Seif, Mungu amrehemu, alikaa Makamu wa Kwanza.

Jirani wa Namanga
Lakini ile haikutokana na Baraza kukosa mwenye wingi. Iliwekwa kwenye Katiba yenu ili wa pili asibaki nje.

Mkaazi wa Pemba
Na ndivyo inavyotakiwa. Msisubiri hesabu ya viti iwalazimishe. Kule Afrika Kusini wangekuwa na viti 201 wasingemtazama mtu.

Mtani wa Kilolo
Mkaazi, hiyo serikali yenu imewapa nini? Daraja? Bandari?

Mkaazi wa Pemba
Imenipa mwaka 2010 niliopiga kura nikalala nyumbani kwangu. 2001, mwaka wa vurugu za Pemba, sikulala. Kama wewe hukuwahi kukimbia usiulize daraja.

Mpwapwa Mjini
Pole, Mkaazi. Tumesikia.

Kijana, nimeelewa za 66 na 71. Basi nibadili swali: hata kabla ya kufika huko kwa viti kugawanyika, mwananchi anaweza kufanya nini na Bunge lililopo?

Mwana wa Bahi
Kura ya bajeti kwetu hupigwa kwa kuita majina. Katibu anasoma jina, mbunge anasema ndiyo, hapana, au hana uamuzi. Inatangazwa. Mimi na wenzangu kijijini tunataka Juni tukae na redio, tuandike mbunge wa kwetu amesema nini, na akirudi kuomba kura tumwekee karatasi mezani. Hilo halihitaji viti 201.

Dereva wa Ihumwa
Nakuunga mkono. Nami nitaandika wa kwangu. Gari halitoki siku hiyo mpaka jina lake liitwe.

Mtoto wa Kongwa
Na mkiandika muwaulize wote kuhusu makumbusho ya Kongwa. Kambi ile inastahili kuenziwa kuliko ilivyo sasa.

Mtani wa Kilolo
Hapo mimi niko na wewe kabisa.

Mwana wa Bahi
Mtani, wewe bado hujajibu la Mtunya.