Maunti za injini ya boti: mpira wazi, zenye kofia ya chuma, au nikaze injini kwenye mbao moja kwa moja?

MwanaShela
Asalaam aleikum wadau. Kabla kusi halijashika nataka kubadilisha maunti za injini, vile vikalio vinavyoibeba, boti inatetemeka mpaka misumari inalegea. Kuna za mpira wazi za bei nafuu, kuna zile mpira uko chini ya kofia ya chuma, na fundi mmoja wa Matondoni aniambia niachane na mpira kabisa nikaze injini juu ya mbao. Bei zimepishana mno. Nichukue zipi?

FundiMokowe
Waaleikum salaam. Ndugu hujatwambia kitu. Injini gani? Silinda ngapi? Uzito wake pamoja na giaboksi? Giaboksi inapunguza mwendo mara ngapi? Kapling inayounga giaboksi na shafti ni chuma kitupu au ina mpira? Maunti huchaguliwa kwa kilo zinazokaa juu yake. Laini sana injini inacheza, ngumu sana ni kama hukuweka mpira.

MwanaShela
Yanmar ya zamani silinda tatu, giaboksi imeng'ang'ania nyuma yake. Kapling chuma kitupu. Uzito sijapima.

NahodhaMstaafu
Kaza kwenye mbao baba. Sisi tulikuwa na mashine za silinda moja zimekaa juu ya mbambakofi, bolti zimepita mpaka chini, na hazikututupa baharini. Mpira huoza. Mbao nzuri haiozi.

FundiMokowe
Mzee wangu, kwa heshima, mashine zile zilizunguka polepole na boti zilikuwa nzito. Hii ya sasa ukiikaza hivyo mtetemo wote unaingia kwenye mataruma, mbavu za boti, na ndiyo hiyo misumari anayoilalamikia.

KijanaLangoni
Kata mpira wa tairi la lori, weka vipande vinne chini ya miguu ya injini, maliza. Watu wengi hapa Amu wanafanya na boti zinatembea.

FundiMokowe
Bolti si inapita katikati ya huo mpira na inakazwa juu na chini? Basi chuma kimegusana na chuma, mtetemo unapita kwenye bolti na mpira unabaki pambo.

AbuuKizingitini
Mimi nitasema yaliyonipata ili mwenzetu asinunue kwa macho. Nilichukua seti dukani, duka silitaji, zimeandikwa za baharini na rangi zimepakwa vizuri. Kusi lile lile tuko nje ya Manda tunaelekea Pate, mbele kukatokea ngalawa ya wavuvi nikatia gia ya nyuma kuikwepa, nikasikia kishindo miguuni. Kufungua kifuniko, maunti ya nyuma upande wa kulia mpira umebanduka kwenye bamba la chuma, bamba jeupe pe, hata chembe ya mpira haikubaki. Injini imeinuka upande mmoja, kapling inapiga, glandi, pale shafti inapotokea nje, inamwaga maji na ngama chini ya boti inajaa. Tukazima, tukaifunga injini kwa kamba ya nanga na kipande cha boriti, wengine wanafua maji, tukatweka tanga mpaka Mtangawanda. Niliporudi dukani naambiwa kosa ni la fundi. Si kweli, maana mpira ulioshikana na chuma sawasawa ukichanika huchanika wenyewe katikati, chuma kinabaki na mpira wake. Ile ilikuwa gundi mbovu. Na ingekuwa na kofia ya chuma, hata mpira ukiachia injini isingeinuka. Mimi nasema kofia, sina maneno mawili.

FundiNdegeMalindi
Pole sana Abuu, alhamdulillah mlifika. Mimi niko Malindi, kazi yangu ni ndege ndogo, na jambo ni hilo hilo. Kampuni ya Lord ya Marekani, iliyoanza mwaka 1924, ilijijenga kwa kugandisha mpira na chuma, na mpaka leo maunti zake zinabeba injini za ndege. Ile ndege ndogo ya abiria, Caravan, inayotua Manda, turbini inayoendesha propela inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, giaboksi inashusha mpaka propela isizidi 1,900. Sasa sikilizeni: giaboksi ikipunguza mwendo, nguvu ya kupinda inaongezeka. Kwenye boti ikipunguza mara 2, maunti zinapindwa karibu mara 2 ya ile inayotoka kwenye injini, upande mmoja unakandamizwa na wa pili unainuliwa. Ndiyo maana ya Abuu iling'oka ikielekea juu.

NahodhaMstaafu
Ndege na boti wapi na wapi?

FundiNdegeMalindi
Kweli mzee, na boti ina taabu zaidi: rafadha, yaani propela ya boti, inasukuma shafti, shafti inasukuma giaboksi, na maunti ndizo zinazosukuma boti yote mbele. Kwa hiyo iwe laini juu-chini lakini ngumu mbele-nyuma. Chunguza pia mpira wenyewe. Mpira wa asili unatuliza mtetemo vizuri lakini dizeli na oili vinauvimbisha. Hapo kofia inasaidia tena, matone hayaufikii.

FundiMokowe
Na ukishafunga usikaze kapling siku hiyo hiyo. Iache injini ilalie, boti ikiwa majini si juu ya mchanga, halafu pima uwazi wa kapling pande nne kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kapling ya inchi 4 tofauti isizidi 0.1 mm. Ikizidi maunti mpya zitakufa kama za zamani.

KijanaLangoni
Si bora auze yote atie autobodi tu, injini ya kuning'iniza nyuma ya boti? Haina shafti haina glandi.

AbuuKizingitini
Petroli ya kubebea mizigo mpaka Kizingitini atalipa nani?

KijanaLangoni
Zipo za mipigo minne siku hizi, hazinywi hivyo.

NahodhaMstaafu
Hazina nguvu ya mzigo. Usimpoteze mwenzio.

MwanaShela
Jamani turudi kwenye maunti. Za kofia muuzaji wa Mombasa ananiuliza kilo, na mimi sina. Nani ana mizani ya kuning'iniza injini hapa Amu?

FundiMokowe
Huna haja ya kuishusha. Nitumie picha ya kibati cha injini na cha giaboksi, namba zake ziko hapo.

MwanaShela
Cha giaboksi kimeliwa na kutu.