Mrejesho: turbo kwenye Mazda MX-5 1.6 ya 1990, Mtwara

Wakuu, niliuliza kama injini hii ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) 9.4:1 itabeba turbo, yaani feni ya kuisukumia hewa zaidi, bila kufunguliwa. Inabeba, mradi busti (shinikizo la hewa ya turbo) isivuke baa 0.5. Nozeli za mafuta sasa ni za cc 365 kwa dakika, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ni ya kuprogramiwa. Ile ya kiwandani haijui habari za busti. Plagi ni za baridi zaidi (zinazopoa haraka) kwa daraja moja, mwanya milimita 0.7. Kwenye 1.1 cheche ilikuwa inazimwa na gari linamisi.

Kilichosumbua ni moshi wa bluu. Turbo ilikuwa nzima, ila tundu la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lilitobolewa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) chini ya usawa wa oili. Oili ikakosa pa kushukia, ikapenya sili za turbo. Tundu limehamishiwa juu (drili ipakwe grisi inase chenga), paipu ni ya milimita 16 kwa ndani, inateremka bila kona. Moshi kwisha.

Joto la huku nalo si mchezo. Kupandisha kilima cha Mikindani adhuhuri, injini iligonga (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda) kwenye mizunguko 4,500 kwa dakika. Taimingi ya cheche imerudishwa nyuma digrii 3, uwiano wa hewa kwa mafuta ni 11.5 kwa 1. Kimya. Intakula (kipoza hewa ya turbo) imeziba upepo wa rejeta, kwa hiyo rejeta nene zaidi iko njiani.