MREJESHO: Darasa langu la Kidato cha Pili lililokuwa kimya

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mwezi uliopita niliomba ushauri: nafundisha Fizikia, darasa limejaa, nikiuliza swali wote wanainamisha vichwa, na mimi mwenyewe ari ya kuingia kipindi ilikuwa imeisha.

Kati ya ushauri mlionipa, nilianza na ule wa kuwaacha wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili kabla ya kujibu kwa Kiingereza. Watoto hawa wamesoma msingi miaka 7 kwa Kiswahili. Wengi jibu wanalo, lugha ndiyo inawabana. Kwenye mada ya sumaku nikaleta sumaku ya spika mbovu, misumari, vizibo vya soda na kifuniko cha sufuria ya alumini. Mabishano yaliyozuka! Binti wa dawati la nyuma, ambaye sikuwahi kumsikia akijibu, ndiye aliyewaeleza wenzake kwa nini kifuniko hakinasi.

Utoro siku za gulio bado upo, hapo naomba mawazo zaidi. Ila sasa naandaa somo kwa hamu. Na wewe uliyesema nikaketi kwenye vipindi vya wenzangu: Jumatatu naanza kwa mwalimu wa Baiolojia. Asanteni sana.