Jumapili moja Posta: naanzia wapi kuona majengo ya kale na miti?

Mtu wa Kahama
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka Kahama, niko Dar wiki ya tatu sasa kwa mafunzo ya kazi, nimefikia Ilala. Jiji nimeliona kupitia dirisha la mwendokasi tu. Jumapili hii sina ratiba. Ufukweni sitaki, maji nayaogopa tangu utotoni. Nataka kutembea kwa miguu, niangalie majengo ya zamani, nikichoka nikae chini ya mti mkubwa. Kila ninayemuuliza ananitajia Mlimani City. Anayeijua Posta, pale katikati ya jiji, anielekeze. Bajeti ni ya mtu anayesubiri posho.

Fundi Chokaa
Karibu Dar, mkuu. Jumapili umeotea, Posta siku hiyo inakuwa kama watu wamehama. Unasimama katikati ya barabara ya Samora ukaangalia juu na hakuna bodaboda wa kukutukana. Fika saa moja asubuhi, ikifika saa nne jua litakufukuza.

Usianzie mjini. Panda pantoni pale Magogoni, vuka Kigamboni, urudi nayo. Najua umesema maji unayaogopa, shika nguzo. Ukiwa unarudi utaona minara miwili imesimama juu ya bandari, wa Mtakatifu Yosefu na wa Azania Front. Makanisa yote mawili yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890, enzi za Mjerumani. Hakuna sehemu nyingine utakayoyaona vizuri hivyo kwa nauli ya pantoni.

Ukishuka nenda Azania Front. Ibada zitakuwa zinaendelea, kwa hiyo tulia nje uangalie madirisha. Juu yake kuna vijipaa vya vigae vyekundu, kama kofia ya mzee aliyeivuta usoni asinzie. Jua likipanda, kivuli kinashuka dirishani na joto linabaki nje. Sisi leo tunafunika ghorofa nzima kwa vioo, halafu tunalia na bili ya kiyoyozi.

Hatua chache tu, kona ya Sokoine na Morogoro, ndipo lilipo Boma la Kale. Lilijengwa 1866 hadi 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid wa Zanzibar, yule aliyeamua kuuanzisha mji huu. Kuta ni mawe ya matumbawe, na hapo nina kesi yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilipewa nyumba ya mawe kama hayo kuikarabati (siyo Boma, na mwenyewe simtaji). Alitaka iishe haraka, nami nikapiga plasta ya saruji. Masika ya kwanza tu ukuta ukavimba, plasta ikaanza kudondoka vipande vya ukubwa wa chapati. Ukuta wa matumbawe na chokaa unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani yanatafuta pa kutokea. Nilibandua yote kwa patasi, nikaanza upya kwa chokaa, na jina langu la humu likatokea hapo.

Kitu kingine: vyumba vya majumba ya aina hii ni vyembamba. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Upana wa chumba uliamuliwa na mti.

Halafu fuata Samora hadi mwisho, utakutana na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa 1893. Mjerumani alikuwa anajaribu mimea ya biashara humo. Muulize mtunzaji akuonyeshe mnazi wa Shelisheli. Bustani imemegwa sana, nakwambia mapema usije ukanilaumu, lakini kivuli kipo. Makumbusho ya Taifa yako jirani kama miguu bado ina nguvu.

Msafiri wa Daladala
Nyongeza: ukikaribia Ikulu, simu weka mfukoni. Tausi wa pale wanapendeza kwa macho vilevile, bila picha.

Mama wa Gongo la Mboto
Fundi, wewe hata mtu akiuliza njia ya hospitali utamjibu kwa chokaa! Mwanangu wa Kahama, ile ni bustani. Ukitaka msitu, njoo huku Pugu. Daladala hadi Gongo la Mboto, kisha unaunga hadi Pugu. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi una njia za kutembea, na kuna mapango yaliyochimbwa wakati wa machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe. Popo wamehamia humo. Jioni wanatoka kwa wingi mpaka unasikia upepo wa mabawa. Lipa kiingilio getini na uchukue mwongozaji, usijifanye unajua njia. Na vaa viatu vyenye meno. Udongo ule mweupe ukilowa ni sabuni.

Mtu wa Kahama
Wakuu, mrejesho. Pantoni nilipanda. Kwenda nilifumba macho, kurudi nikayafumbua, minara nimeiona. Pale Azania Front nilikaa nimeinua shingo mpaka mlinzi wa jengo la jirani akaja kuniuliza natafuta nini huko juu. Nikamwonyesha zile kofia. Akasema analinda hapo mwaka wa tano hajawahi kuzitazama. Tukasimama wawili.

Boma niliishia mlangoni, nikapapasa nakshi. Bustanini nilipata benchi, nikalala usingizi wa saa nzima, tausi sikuona. Mama, Pugu nakuja Jumapili ijayo, viatu natafuta soko la Karume.

Fundi, yule mwenye nyumba ya chapati alikulipa?

Fundi Chokaa
Nusu. Na hiyo nusu nikaimalizia kununua chokaa.