Planki, kuinuka na kukaa, au matatu ya McGill: kipi kitangulie kwa maumivu ya kiuno na shingo?

Mkeka_Mmoja
Wakuu, tulinganishe kwa makini. Anayeumwa kiuno na shingo huambiwa "imarisha tumbo", basi kila mtu anashika lake: huyu anainuka na kukaa mara mia, yule anang'ang'ania planki (kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) dakika tatu, mwingine anafuata mazoezi matatu ya Stuart McGill, mtafiti wa mgongo na profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Kwa mgongo unaouma sasa hivi, kipi kitangulie? Na shingo inapata nini humo?

Uti_Imara
Naanza na la kuondoa. Kulala chali na kuinuka hadi kukaa, weka pembeni kwanza. Vipimo vya McGill vilionyesha kila mwinuko hukandamiza kiuno kwa takriban niutoni 3,300, sawa na kubebeshwa zaidi ya kilo 300, tena uti ukiwa umekunjwa. Diski (ule mto ulio kati ya pingili za uti) iliyokwisha kuchokozeka haivumilii hayo. Asubuhi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu usiku diski hunyonya maji na kutuna. Ukiamka, acha walau saa moja ipite kabla ya zoezi lolote la kuinama.

Mgongo hausaidiwi na tumbo lenye vipande. Unataka misuli inayoushika uti usiyumbe wakati mikono na miguu inafanya kazi, na iweze kurudia hivyo siku nzima.

Pumzi_Ndefu
Planki yenyewe haina kosa, kosa ni muda. Misuli ikichoka kiuno kinabonyea, mabega yanapanda masikioni, kichwa kinaning'inia, na hapo ndipo shingo inapoanza kuuma. Weka viwiko chini ya mabega, kaza makalio, kisha vuta viwiko kuelekea miguuni bila kuvisogeza. Macho yatazame sakafu katikati ya ngumi. Sekunde 10, pumzika 5, rudia mara 6. Tumbo likitetemeka ndani ya hizo sekunde 10, zoezi limekolea. Anayeshindwa aegemee magoti badala ya vidole vya miguu.

Mkeka_Mmoja
Na hayo matatu, hatua kwa hatua?

Uti_Imara
La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, mguu wa pili umenyooka. Viganja viwe chini ya kiuno ili kisibonyee. Inua kichwa na mabega kidogo sana, kana kwamba kichwa kililala juu ya mzani na unataka usome sifuri. Kidevu kisiende kifuani. Shingo ikilalamika, bana ulimi kwenye kaakaa, itatulia.

La pili ni planki ya ubavu, ukiegemea kiwiko na magoti. Nyonga isonge mbele inapopanda, isirudi nyuma.

La tatu ndilo wengi huliharibu. Piga magoti, viganja chini ya mabega, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha badili. Sukuma kisigino nyuma badala ya kukirusha juu. Kikipita kimo cha nyonga, kiuno kinapinda na faida inapotea. Laza fimbo nyepesi kiunoni kwa upana. Ikianguka, nyonga imegeuka upande.

Kila unaposhikilia ni sekunde 10, si zaidi. Mzunguko wa kwanza mara 6, wa pili 4, wa tatu 2, kila siku. Kaza tumbo kama mtu anayetaka kukudonoa ubavuni, ila uweze kuongea. Usivute kitovu ndani wala kuzuia pumzi.

Kidevu_Ndani
Naongezea kuhusu shingo, maana hapa watu hudanganyika. Mazoezi ya tumbo hayatoshi. Mbele ya pingili za shingo kuna misuli midogo ya ndani, na ikilegea, ile mikubwa ya ubavuni mwa shingo hubeba kazi isiyo yake. Lala chali bila mto mnene, tikisa kichwa polepole kama unayesema "ndiyo", kidevu kishuke kidogo, kisogo kisibanduke chini. Shika sekunde 10, mara 10. Gusa ubavu wa shingo kwa vidole: ukihisi kamba ngumu inachomoza, umetumia nguvu nyingi, punguza.

Pumzi_Ndefu
Mkuu Kidevu_Ndani, hilo nalikubali, nami ningelitanguliza kabla ya planki kwa yeyote mwenye shingo mbovu.

Kidevu_Ndani
Sawa kabisa. Kipimo ni maumivu yanakoelekea. Yakipungua mguuni au mkononi na kubaki karibu na uti, endelea. Yakizidi kushuka kuelekea vidoleni, acha zoezi hilo. Ganzi kati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, mguu kuishiwa nguvu: hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, muone daktari kabla ya kutandika mkeka.